Meza ya Mfasiri: Kwa Ninyi Mnaoanza Kutafsiria Nyumbani

Nilianza kazi hii nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, kompyuta mpakato ikiwa juu ya meza ya chakula, na matini ya Kiingereza nimeichapisha nikailaza upande wa kushoto, karibu na kopo la sukari. Zilikuwa fomu za ridhaa za utafiti wa afya, kurasa 40 na kitu. Siku ya tatu niliamka shingo haigeuki. Nikitaka kumtazama mtu aliye pembeni, nageuza mwili mzima. Nikadhani nimelala vibaya, nikajichua kwa dawa, nikarudi kwenye kiti kilekile.

Sasa nina miaka 12 kwenye tafsiri, yote nikiifanyia nyumbani, Tabata, Dar es Salaam. Wanaoanza wakinipigia simu huniuliza kwanza kuhusu wateja na malipo, na wana haki ya kuuliza. Lakini nimewaona vijana wenye Kiswahili kizuri kuliko changu wakiiacha kazi hii mwaka wa pili, na si kwa kukosa wateja. Wameshindwa na mgongo, macho, na kazi zilizochelewa kwa sababu ambazo zingezuilika. Ndiyo maana leo nasema habari ya meza.

Tuanze na shingo. Mtu anayechapa barua yake mwenyewe hutazama mahali pamoja. Mfasiri hutazama mahali pawili, na ni kwenda na kurudi siku nzima. Sentensi moja unaisoma, unaisoma tena, unaandika nusu, unarudi kuangalia kama hukuruka neno, unamaliza, unahakiki. Maneno 2,000 kwa siku ni kama sentensi 100. Kila sentensi ukiirudia mara 5, shingo imekwenda na kurudi mara 500. Matini ikiwa imelala juu ya meza na skrini imesimama, mara zote hizo 500 unainama na kuinuka. Hakuna dawa ya kuchua itakayoshinda hesabu hiyo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuyaweka macho kwenye mstari mmoja. Kama chanzo chako ni karatasi, isimamishe. Mimi nilichongewa kibao cha mbao cha kukunja, mfano wa kile cha kusomea msahafu, ila kirefu kidogo, na mbele kina ukingo wa kuzuia karatasi isiteleze. Kinakaa ubavuni mwa skrini, kimo kilekile. Kama chanzo ni faili, na siku hizi karibu zote ni faili, tafuta monita ya pili mapema kuliko unavyofikiri. Si lazima iwe mpya. Yangu ni ya inchi 22, ilishatumika ofisini kwa watu, niliipata Kariakoo. Nenda na kompyuta yako na waya wako, uiwashe palepale dukani. Fungua ukurasa mweupe mtupu uangalie kama kuna mistari au madoa meusi, kisha fungua ukurasa wa maandishi madogo uusome kwa dakika 5 nzima. Muuzaji atakuharakisha. Mwambie unasoma. Na kabla hujatoa pesa, hakikisha tundu la waya la monita linalingana na la kompyuta yako, maana za zamani nyingi zina VGA peke yake na kompyuta za sasa zina HDMI.

Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, na umbali uwe kama urefu wa mkono, sentimita 50 hadi 70. Kompyuta mpakato haiwezi kutimiza hayo peke yake, kwa kuwa kibodi na skrini vimeshikana: ukiinua skrini ifike machoni, mikono inaning'inia hewani, ukishusha kibodi, shingo inainama. Inue juu ya vitabu, kisha ununue kibodi ya pembeni na kipanya. Ni vitu vya bei ndogo kuliko vyote nitakavyovitaja, na ndivyo vilivyonisaidia haraka zaidi. Vitabu vya kuinulia visiwe kamusi. Utahitaji kamusi, na utaona uvivu kuichomoa.

Kiti na meza ni kitu kimoja, usivinunue kwa kutengana. Meza nyingi za chakula zina kimo cha sentimita 75 hivi, na mimi ni mfupi. Nikikaa, viwiko vinakuwa chini ya meza, mabega yanapanda kufidia, na jioni mabega yanauma kana kwamba nimebeba ndoo. Nilikwenda Keko kwa mafundi seremala. Fundi aliniuliza, "Dada, unataka ya kulia chakula au ya mtoto wa shule?" Nikamwambia, "Ya kazi, fundi. Nakaa saa nane kwa siku." Akavuta kiti, akasema, "Basi kaa kama unavyokaa kazini." Nikakaa, nikakunja mikono kama naandika. Akachukua futi, akapima kutoka kwenye kiwiko hadi sakafuni: sentimita 66. Akaandika kwa penseli kwenye kipande cha mbao. Katika miaka yote ya meza ya chakula sikuwahi kuwaza kwamba meza inaweza kupimwa kwa mwili wa mtu, kama gauni.

Alitaka kuimalizia kwa vanishi ya kung'aa, akaniambia wateja ndivyo wanavyopenda. Nikamwomba asiweke. Meza inayong'aa inarudisha mwanga wa dirisha na wa taa moja kwa moja machoni, na ukitoa macho kwenye skrini yanatua kwenye mng'ao mwingine. Akaipiga msasa, akaipaka vanishi isiyong'aa. Miaka 7 sasa, imeshika doa moja la chai na haijayumba.

Kama huna uwezo wa kuchongesha, inua kiti badala ya kushusha meza: mto mgumu chini, na miguu ikikosa sakafu iwekee kigoda au tofali lililofungwa kitambaa. Miguu isining'inie. Kiti kiwe na egemeo linaloshika kiuno. Viti vya ofisi vilivyotumika vinapatikana mjini. Ukienda kununua, kalia kila kimoja, egemea, kipandishe na kukishusha, kisha ukae dakika 10 uone kama kinashuka chenyewe. Kile cha plastiki mwachie mgeni.

Mwanga wa dirisha uje kutoka ubavuni. Ukiwa nyuma yako unapiga skrini, ukiwa mbele unakupiga wewe. Kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Mimi natazama mwembe wa jirani. Feni usielekeze usoni, inakausha macho na kurusha karatasi; ielekeze miguuni.

Sasa umeme, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu umeme hukata sentensi, na sentensi iliyokatika ni kitu kigumu kukirudisha. Unakuwa umeshaipata kichwani: mtenda yuko mahali pake, kirejeshi kimekaa, bado kitenzi cha mwisho tu. Puu, giza. Ukirudi baada ya saa mbili unakuta maneno yapo lakini mpangilio umepotea. Mwaka mmoja nilikuwa natumia kompyuta ya mezani isiyo na betri, na usiku mmoja nilipoteza kurasa 6 za mkataba. Kesho yake nilizitafsiri upya, nazo zilikuwa mbaya kuliko zile za kwanza. Nilijua wakati nikiziandika.

Ukiwa na kompyuta mpakato yenye betri nzima, nusu ya tatizo imekwisha. Nusu iliyobaki ni intaneti, kwa sababu umeme ukikatika na kile kisanduku cha intaneti kinazima. UPS, yaani kile kisanduku chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, ikiwa ndogo ya 650 VA kwa kawaida ina betri ya volti 12 na Ah 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Kompyuta ya mezani na monita yake zitaimaliza kwa dakika chache. Lakini kisanduku cha intaneti kinakula wati 10 tu hivi, kwa hiyo UPS ileile inakibeba saa kadhaa. Wengi hununua UPS wakachomeka kila kitu, halafu wanalalamika kwamba haifai. Chomeka kidogo kilicho muhimu. Na betri yake huchoka baada ya miaka michache, hasa kwenye joto letu la pwani. Ijaribu kila baada ya miezi kadhaa kwa kuchomoa waya ukutani, usisubiri siku ya kukabidhi kazi ndiyo ujue imekufa.

Weka laini ya simu ya mtandao mwingine yenye bando dogo ambalo haliguswi na mtu. Faili la maneno ni jepesi, halili bando. Kinachotakiwa ni njia ya pili. Na kama nyumba ni ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, soma uniti jioni kabla hujakaa kwa kazi ya usiku. Mara mbili nimekaa gizani nikiilaumu TANESCO, shirika letu la umeme, kumbe uniti zimekwisha, na majirani wote wana taa.

Hifadhi kazi kila unapomaliza aya, vidole vizoee vyenyewe. Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja nje ya nyumba kwa njia ya mtandao. Flashi peke yake si hifadhi.

Ukutani, juu ya meza, nina saa mbili za bei ndogo. Moja ni ya hapa. Ya pili ni ya mteja ninayemfanyia kazi wiki hiyo. Nilizitundika baada ya kazi moja ya London, iliyotakiwa saa 3 asubuhi ya kwao. Majira yote ya baridi saa hiyo kwetu ni saa 6 mchana. Jumatatu moja mwishoni mwa Machi nilituma faili saa 5 na dakika 40, nikijua nina dakika 20 mkononi. Kumbe nimechelewa dakika 40, kwa sababu Jumapili iliyotangulia Uingereza walisogeza saa mbele. Sisi hatusogezi, kwa hiyo hakuna anayekukumbusha. Uingereza hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Marekani ni Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Kuna wiki kadhaa hapo katikati ambapo mmoja ameshabadilisha na mwingine bado. Andika tarehe hizo kwenye kalenda kila Januari. Na ukiandika ahadi ya muda kwenye daftari, andika saa ya Kiswahili na ya Kiingereza zote mbili. Ukiona "9" peke yake saa nne usiku, na umechoka, hutajua ulimaanisha nini.

Ndani ya kompyuta nako ni meza, na ukiiacha ilivyotoka dukani inakupinga. Programu ya kuandikia iliyowekwa Kiingereza itapigia mstari mwekundu karibu kila neno lako, na jicho likizoea mistari myekundu halioni tena kosa la kweli. Weka lugha ya matini kuwa Kiswahili. LibreOffice, ambayo ni ya bure, ina kihakiki tahajia cha Kiswahili. Kisha zima kile kinachosahihisha maneno chenyewe. Ukiandika "Dawa i wapi?" programu ya Kiingereza inageuza hiyo "i" kuwa herufi kubwa, na usipoangalia inakwenda hivyohivyo kwa mteja. Jambo jingine dogo ni kile kikoma cha juu katika ng'ombe na ng'oa. Kipo kilichonyooka na kipo kilichopinda, na katika programu nyingi za kutafsiria hivyo ni vitu viwili tofauti: ukitafuta kwa kimoja, maneno yaliyoandikwa kwa kingine hayaonekani. Chagua kimoja tangu ukurasa wa kwanza.

Programu ya kutafsiria yenyewe anza na OmegaT. Ni ya bure, inahifadhi kila sentensi uliyowahi kuitafsiri, na kompyuta ya kawaida inaibeba. Trados na memoQ, programu kama hiyo lakini za kulipia, utazinunua mteja akizitaka na kazi ikizilipia. Usikope pesa kwa ajili ya programu.

Kamusi za karatasi ninazo mkono wa kulia, zimesimama, hazihitaji kuinuka kuzifikia: Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza 1981, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa. Vijana hunishangaa, kwani mtandao upo. Nautumia pia. Lakini ukifungua kitabu kutafuta ridhaa, jicho linaipita ridhi, ridhia, ridhisha, na mara nyingi sentensi yangu ilikuwa inamhitaji huyo jirani. Kando ya kamusi kuna daftari la istilahi, kila mteja na kurasa zake. Mteja mmoja anataka "mtoa huduma za afya", mwingine "mhudumu wa afya". Wote ni sahihi. Kosa ni kuyachanganya ndani ya waraka mmoja. Nimebandika pia ukutani karatasi ya kazi za Kenya: tarakilishi, rununu, runinga, afisi. Nikiandikia msomaji wa Nairobi naitazama kabla sijaanza, kwa sababu vidole vyangu vitaandika kompyuta na ofisi bila kuniuliza. Kazi ikitoka Marekani, uliza wasomaji ni akina nani. Wengi wanaosoma Kiswahili kule wametoka Kongo, na neno lililo wazi Tabata laweza kuwa geni kwao.

Kubwa kuliko vifaa ni watu wa nyumbani. Mtu akiondoka asubuhi na begi, wote wanajua yuko kazini. Wewe uko chumba cha pili na kanga kiunoni. Kwa macho ya nyumba nzima, upo. Mama mkwe wangu alipohamia kwetu alikuwa ananiita kila baada ya muda: "Mama Neema, njoo uonje mboga hii. Mama Neema, muuza samaki huyu hapa." Sikuwa na uso wa kumwambia mama mzima asiniite. Jioni moja nilikaa naye, nikamwonyesha ukurasa kwenye skrini, nikamwambia, "Mama, hii nikiikatiza katikati, nairudia tangu mwanzo." Akafikiri. Yeye ndiye aliyetoa wazo la kanga: nikiwa kwenye kazi isiyotaka kukatizwa, natundika kanga nyekundu kwenye kitasa cha mlango. Kanga ikiwepo, hata watoto wanapita kwa kunyata. Lakini nayo ina heshima yake, sikai nayo mlangoni siku nzima. Ni kwa muda wa saa moja na nusu asubuhi, na muda kama huo baada ya adhuhuri. Katikati natoka, nasalimia wageni, naonja mboga.

Siri za watu nazo zina mahali pake mezani. Nyaraka nyingine zina majina, magonjwa, kesi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria, cheti cha mtu hakisomwi sebuleni. Skrini yangu haielekei mlango, kompyuta ina nywila ambayo watoto hawaijui, na karatasi zenye majina nazichana vipande kabla hazijaenda kwenye taka.

Pembeni mwa meza nimeweka kiti cha pili, stuli tu. Kazi zinazoandikwa kwa ajili ya umma, zisizo na jina la mtu wala siri ya mteja, kama vipeperushi vya chanjo vilivyokwisha kutolewa, nazisoma kwa sauti mwishoni, na mama mkwe huja kukaa hapo. Juzi nilimsomea: "Mzazi anayo stahiki ya kupata maelezo kabla mtoto hajachanjwa." Akanisimamisha. "Stahiki ndiyo nini, mwanangu?" Nikamwambia ni kile anachopaswa kupewa. "Basi si useme haki yake aelezwe kwanza?" Nikageuza kiti, nikafuta, nikaandika alivyosema. Akavuta stuli karibu, akasema, "Endelea."